Ndege wa Pai na Fungu la Baba

Enzi zetu, sisi tuliokulia New Hope, huku Marekani, kabla simu hazijawa na akili kuliko wenye simu, baridi ilikuwa baridi kweli. Siku hizi mtoto anashuka garini na fulana, anapiga mbio mpaka mlangoni, halafu anasema ameganda. Sisi tulisimama kituoni kungoja basi la shule mpaka kope zikashikana. Mama alituvalisha soksi mbili mbili na kutupaka mafuta usoni tukang'aa kama mandazi yaliyotoka kikaangoni. Hatukulalamika, maana ungemlalamikia nani? Mama alikuwa na jibu moja tu: "Baridi haijamuua mtu anayetembea haraka."

Tulihamia huku mimi nikiwa na miaka tisa na dada yangu Wakesho sita, kutoka Wundanyi, kule Taita. Mama alipata karatasi zake na sisi watoto tukafuatana naye. Za Baba zilikwama. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kwa hiyo akabaki na chaki zake, akawa anaitwa ubalozini Nairobi, anaulizwa maswali yale yale, anarudishwa nyumbani. Jumapili baada ya kanisa tulimpigia kwa zile kadi za simu za kukwangua namba kwa sarafu. Wenzangu mnazikumbuka. Tukifika tu penye utamu, yule mwanamke wa kwenye kadi anaingilia kutuambia muda unakwisha. Wakesho alimchukia mwanamke yule kuliko mtu yeyote duniani.

Mama alikuwa anatunza wazee kwenye nyumba moja ya wazee huko Plymouth, mji wa jirani, na huko ndiko alikoonja pai ya kuku. Alirudi akiisifu: kuku, karoti, njegere, mchuzi mzito, vyote vimefunikwa kwa unga. "Yaani chapati na mchuzi vimeoana," alisema. Jumamosi iliyofuata akaingia jikoni. Unga akaukanda kama wa chapati, kwa maji ya moto na nguvu zote za mabega, akausukuma, akafunika bakuli lililojaa mchuzi, akabana kingo zote isipite hata pumzi. Alijisifu kwa kufunga vizuri.

Mvuke haufungiwi hivyo. Mchuzi ulipochemka ulitafuta njia, ukapasua unga pembeni, ukamwagikia sakafu ya oveni na kuanza kuungua. Kengele ya moshi ya jengo zima ikalia. Ghorofa tatu za watu zikatoka nje kwenye theluji, wengine na taulo kichwani, na gari la zimamoto likaja na wanaume wenye mashoka. Mama alipoulizwa ni nini kinachoungua, akasema ni chapati. Wakesho alitaka ardhi immeze. Mimi nilikuwa nimeona zimamoto kwa karibu, siku yangu ilikuwa njema kabisa.

Mmoja wa wale wenye taulo alikuwa jirani yetu wa chini, mjane wa Kizungu aliyeitwa Doris. Kwetu mtu wa umri ule haitwi jina kavukavu, kwa hiyo sisi tulimwita Nyanya Doris, naye akaja kulipenda. Kesho yake akabisha hodi. Tulijua amekuja kugomba. Kumbe mkononi alikuwa na kitu kimefungwa kwenye kitambaa cha jikoni: ndege mweusi wa kauri, urefu wa kidole, mtupu ndani, tumbo wazi kwa chini na mdomo wa njano umeachama juu. Akatuambia kwa Kiingereza cha polepole, kile wanachotumia kwa wageni, kwamba pai yetu haina pua. Sasa itapumulia wapi?

Akatuonyesha. Ndege anasimamishwa katikati ya bakuli kabla ya kumimina mchuzi. Unga unatobolewa katikati na kuvishwa ndege shingoni, mdomo unabaki nje. Vikichemka, mvuke unaingia kwa chini, unapanda tumboni mwake na kutokea mdomoni. Unga haulowi, haubonyei katikati, na mchuzi unakaa mahali pake. Hilo Mama alilielewa mara moja, maana hata sufuria ya wali ina adabu yake ya kufunikwa. Kilichomshinda ni unga wenyewe. Nyanya Doris alitaka siagi baridi, maji baridi, uuguse kidogo tu uuache, na kila Mama akianza kukanda, anamshika mkono.

"Unga usiokandwa nao ni unga huo?" Mama alituuliza kwa Kiswahili, uso ukitabasamu ili mgeni asijue anasemwa.

Lakini aliufuata, na pai ikatoka. Tangu hapo, siku ya pai mimi na Wakesho tulivuta viti mbele ya kioo cha oveni tukakaa. Mwanzoni hakuna kitu. Halafu uzi mwembamba wa mvuke unaanza kumtoka ndege mdomoni, kisha unanenepa, na harufu ya kitunguu na pilipili manga inaingia mpaka kwenye makoti yaliyotundikwa mlangoni. Shuleni tulinuka pai mpaka Jumatano. Hiyo ndiyo ilikuwa televisheni yetu, ina idhaa moja na ndege mmoja, na tuliitazama mpaka mwisho. Hebu mwambie mtoto wa siku hizi akae atazame oveni, uone kama hakuulizi kama unaumwa.

Vita vyetu vilikuwa kipande cha katikati. Ukikata pai, ndege hutoka na kipande kimoja, ana mchuzi mzito ndani ya tumbo, na kila mmoja wetu alitaka kumfyonza. Mama alimaliza ugomvi siku ile ile ya kwanza. Kwetu kuku akichinjwa, firigisi ni ya baba mwenye nyumba, na mtoto mwenye adabu hata haitupii jicho. Mama akachukua kile kipande pamoja na ndege wake, akakiweka kwenye sahani, akafunika kwa sahani nyingine, akakitia kwenye friji.

"Hilo fungu la baba yenu."

Nikamkumbusha kwamba Baba yuko Kenya.

"Najua aliko. Wewe ndiye mke wake au mimi?"

Kesho yake tulipotoka shule alikitoa, akakipasha moto, akatuwekea mezani. "Baba yenu amesema ameshiba," akasema. "Kuleni." Tukala, tukapokezana ndege, na hakuna aliyeuliza Baba amesema saa ngapi na kwa kadi ipi. Ikawa ndiyo desturi ya nyumba. Kila pai, fungu la Baba kwanza, na kila mara kesho yake Baba ameshiba. Miaka minne mtu anashiba tu.

Baba alikuja Januari, karatasi zilipokubali. Tulimpokea uwanja wa ndege amevaa koti la kuazima lililomfika magotini. Wakesho, ambaye alimwacha akiwa na miaka sita na sasa alikuwa na kumi, alimpa mkono kama anayemsalimu mwalimu mkuu, akasema, "Hi."

"Shikamoo yangu iko wapi?" Baba akauliza. Wakesho akamtazama Mama. Alikuwa ameisahau.

Mambo hayakuwa mepesi. Mama ndiye aliyeendesha gari. Mimi ndiye niliyesoma barua. Wakesho alimfundisha kuwasha jiko, na alimfundisha kama watoto wa huku wanavyofundisha: "No, Baba, not like that. Hapana. Baba, wacha tu." Mtu aliyenyamazisha darasa la watoto hamsini kwa kukohoa mara moja sasa alikuwa anaonyeshwa jinsi ya kuvuka barabara. Alianza kunyamaza. Sanduku lake halikuwahi kutolewa vitu vyote. Lilisimama nyuma ya mlango, anatoa shati, anafunga zipu.

Jioni moja nikamsikia akizungumza kwa simu na ndugu yake. "Nimewaona, wazima wote, namshukuru Mungu," alisema. "Lakini wamezoea bila mimi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi naingia mwezi wa pili hapa na hilo jembe sijapewa. Shule zikifunguliwa muhula ujao, nitakuwa darasani kwangu."

Niliogopa, nasema wazi. Miaka yote ile tulikuwa na ubalozi wa kulaumu. Sasa angeondoka kwa miguu yake mwenyewe, na ningemlaumu nani? Nikamwambia Wakesho, naye akasema, "He can't, amefika juzi tu," akaingia chumbani akafunga mlango.

Jumapili iliyofuata Mama alioka pai, ya kwanza tangu Baba afike. Sidhani alikuwa na mpango wowote, alikuwa na kuku tu. Tulikaa wanne mezani, jambo ambalo bado lilikuwa geni kwetu, na mtu wa nne alikuwa amekaa ncha ya kiti kama aliye hospitali akingoja kuitwa. Mama akakata. Mkono wake ukafanya ulichozoea kufanya: kipande cha kwanza, cha katikati, pamoja na ndege, kikatua kwenye sahani. Ila safari hii sahani haikuenda kwenye friji. Akaisukuma mbele ya Baba.

Baba aliangalia. Kichwa cheusi, mdomo wazi, kimetapakaa mchuzi. Sasa mfikirie mtu aliyelelewa vizuri. Amewekewa kipande cha heshima mbele ya wanawe, na kwao mwanamume hakiulizi kipande cha heshima wala hakikunjii uso. Kama Wamarekani firigisi yao iko hivi, basi iko hivi. Akamshika ndege shingoni, akamng'ata.

Kacha! Sote tuliisikia.

"Baba Mwadime!" Mama akapiga kelele, akimwita kwa jina langu mimi mwanawe. "Hiyo hailiwi!"

Baba aliweka mkono mdomoni, akamrudisha ndege sahanini polepole. Hakuwa anacheka. "Kwa hiyo siku hizi mnaniwekea mawe kwenye chakula," alisema, na sauti ilikuwa ya mtu aliyekwisha kusimama ingawa bado amekaa. Mama alifungua mdomo, kicheko na machozi vikagombania mlango mmoja.

Wakesho ndiye aliyesema. "Si ya kula, Baba. But ni yako. It's always yours. Kila pai tunakuwekea kwa fridge, halafu tomorrow Mama anasema Baba ameshiba, ndio tunakula."

"Inawekwa tangu lini?"

"Tangu nikiwa first grade."

Baba akamgeukia Mama. "Kweli?"

"Sasa ningeliweka wapi fungu lako?" Mama akasema, akifuta macho kwa kitambaa cha jikoni. "Ningempa nani?"

Baba akaivuta ile sahani karibu. Halafu akamchukua tena ndege, akamwinamisha, akamfyonza mchuzi wote uliokuwa tumboni, kama tulivyokuwa tukifanya sisi, na hakuna aliyekuwa amemfundisha. Akajipangusa midomo.

"Nani aliwaambia nimeshiba?" akauliza. "Mimi sijawahi kusema nimeshiba."

Akasogeza sahani mbele, aongezwe. Akaongezwa tena. Alikula pai ile karibu yote, na sisi tulimtazama kwa raha, ingawa nilikuwa na njaa. Siku chache baadaye nililiona lile sanduku juu ya kabati, tupu, kifuniko wazi, Mama ameshatia humo mablanketi ya ziada.

Alibaki. Alipata kazi ghalani, akajifunza kuendesha gari kwenye theluji na kutuogopesha sote, na mpaka leo jino lake la mbele limemeguka pembeni. Yeye na Mama bado wako New Hope. Nyanya Doris alishatutoka, Mungu amrehemu, na ndege wake yuko kwenye kabati la Mama, rangi ya mdomo imebanduka. Mama anasema hatamgawa akiwa hai.

Mimi nakaa Bloomington na mke wangu na watoto wawili. Pai tunanunua dukani. Zinakuja zimeganda kama matofali, zimeshachanjwa juu kwa kisu cha mashine ili mvuke upite, kwa hiyo hakuna haja ya ndege, na hakuna haja ya kukaa mbele ya kioo. Kila mtu anajipakulia, anaingia chumbani kwake, anaziba masikio. Ni watoto wema, sitaki kuwasengenya. Ukiwaongelesha Kiswahili wanaelewa kila neno, wanakujibu Kiingereza, na ukiwatania kwa hilo wanacheka.

Msimu huu wa baridi, Ijumaa moja, theluji ilianguka tangu mchana. Mke wangu alikuwa kazini mpaka asubuhi. Niliwapigia watoto kutoka njiani nikawaambia magari hayasogei, watie pai kwenye oveni, nakuja. Nilipofika nyumba nzima ilinukia kitunguu na kuku, na moyo wangu ukaruka kwa furaha kama wa mtoto. Jikoni nikakuta bakuli limelowekwa kwenye sinki, maji yameshapoa. Nikafungua friji, hakuna sahani iliyofunikwa, nikaifunga. Binti yangu akapita kuchukua maji ya kunywa, kisikilizio kimoja cha simu sikioni.

"Oh, Dad," akasema. "We thought umekula kazini."

"Nimeshiba," nikamwambia.

Akanikumbatia kwa mkono mmoja, akaenda zake. Nikakaanga mayai, nikala nimesimama. Enzi zetu baba aliwekewa chakula miaka yote akiwa ng'ambo ya bahari. Mimi nilikuwa kwenye foleni tu, na wote wawili walijua naja.