Hita ya Safari ya Kukuchukua

Siku ile naikumbuka kwa harufu yake, mwanangu. Harufu tamu, kama sukari inayoanza kuungua, ilijaa ndani ya gari tukitoka Karema na shangazi yangu Yustina. Tulikuwa tumefuata migebuka mikavu, wale samaki wa ziwani, ya kuwapelekea wakwe zangu Sumbawanga. Wewe, Editha, ulizaliwa huko kwa bibi yako, kama wengi wanavyofanya kwa mtoto wa kwanza, na mama yako alikuwa amemaliza siku zake za kukaa ndani. Jumamosi nilitakiwa kwenda kuwachukua, pamoja na shangazi, maana kwetu mwanaume haendi peke yake kumtoa mzazi. Huongozana na mama mtu mzima wa ukoo. Nilikuwa sijakuona ila kwenye simu. Sasa niambie, mtu wa namna hiyo atatulia?

Kioo cha mbele kikaanza kushika ukungu kwa ndani. Nafuta kwa kiganja, unarudi. Shangazi akainua miguu.

"Baba Editha, gari lako linaniogesha miguu. Na maji yenyewe ya moto!"

Tukajikongoja hadi nyumbani Nsemulwa, hapa Mpanda, kila mara tunasimama ili injini ipoe. Jirani yetu Masanja, kijana wa Kisukuma ambaye akiona boneti iko wazi hapiti, akaja akachungulia chini ya dashibodi.

"Kaka, hiyo ni rejeta ya hita. Ile ndogo iliyojificha huku nyuma. Imetoboka. Kata mipira yake miwili ya maji, iunganishe yenyewe kwa yenyewe, maji yasipite tena humu. Gari ngapi hapa mjini ziko hivyo! Nani anawasha hita Mpanda? Jua letu lenyewe ni hita."

Tukacheka. Nikaenda kuchukua kisu.

"Unakokwenda ni Mpanda?" shangazi akauliza, huku anakausha miguu kwa khanga.

"Sumbawanga, shangazi."

"Mwezi wa saba. Alfajiri. Na mtoto mchanga. Kioo kikifunga ukungu huko mbugani utafungua dirisha ili uone njia? Mbung'o watakushukuru sana."

Masanja akakuna kichwa. "Hapo shangazi kanikamata."

Nikakiweka kisu chini, lakini moyo haukutulia. Basi nitaitoa mwenyewe, spea nitaitafuta baadaye, nikasema, hapa hapa uani. Shule yangu iliishia darasa la saba, ila mikono yangu ilikuwa haijawahi kuniangusha. Nilikuwa nimeona kwenye simu mzungu mmoja akiitoa dashibodi nzima huku anapiga mluzi. Alimaliza hata kabla bando langu halijakata. Nikaanza kufungua skrubu, nazitupia kwenye kifuniko cha sufuria. Kuku akaja akadonoa moja, akaondoka nayo mbio, Masanja nyuma yake. Simu ikaita. Mama yako.

"Jumamosi mpo?"

"Tupo!" nikajibu, bisibisi ikiwa mdomoni. Hata sikumuuliza mmeamkaje.

Nikafika kwenye waya za njano. Masanja akapiga kelele kutoka kwenye ua: "Hizo acha! Ni za mifuko ya hewa ya ajali, itakulipukia usoni!" Nikasita. Halafu nikanyoosha mkono tena. Nilikuwa najiambia nitazishika kwa upole tu.

Shangazi hakunikaripia kwa sauti. Alikuja akakaa kwenye kiti kile kile cha gari, zulia la chini likiwa bado limelowa, akanishika kifundo cha mkono.

"Gari limeshapoa, Baba Editha. Kinachochemka ni wewe."

"Nimewaahidi, shangazi."

"Umewaahidi siku. Wao wanamsubiri mtu. Jumamosi ikipita, Jumapili inakuja nyuma yake. Wewe ukipita, nyuma yako anakuja nani?"

Mwanangu, nikaiweka bisibisi chini. Wahenga walisema mwenye pupa hadiriki kula tamu, nami siku zote nilidhani wanasema habari za maembe mabichi.

Tukalisukuma gari hadi barabarani, likavutwa mpaka gereji moja Kashaulili. Fundi akainusa mipira, akakwaruza kutu kwa ukucha.

"Mmekuwa mkilinywesha maji ya kisima, sivyo?"

"Kama ng'ombe," Masanja akasema.

"Ng'ombe anakojoa chumvi yake, kijana. Rejeta inabaki nayo mpaka itoboke."

Akatueleza kwamba spea itakuja na basi kutoka Mbeya, Jumatatu. Nikamwomba basi anipe na mimi kazi, nisije nikapasuka. Akanipa rejeta kubwa na mipira niisafishe, akisema hiyo ningeweza hata nyumbani, alimradi injini iwe imepoa na maji yale yasimwagwe mahali mbwa au mtoto atakunywa, maana bado yamechanganyika na dawa ya rejeta, na utamu wake ni sumu. Dashibodi na waya za njano akazishika mwenyewe. "Nikikosea hapa," alisema, "unajua pa kunikuta."

Ikabaki simu. Nilizunguka nyuma ya gereji mara nyingi kabla ya kubonyeza. Nikamwambia mama yako ukweli wote, hadi habari ya kuku. Kwa mbali nikakusikia unalia, na miguu ikataka kuondoka yenyewe iende Sumbawanga.

"Editha haijui Jumamosi," mama yako akasema mwisho. "Anajua baridi tu. Njoo na gari zima."

Jumamosi hiyo nilitangatanga kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Tulifika Sumbawanga siku tatu baada ya ahadi. Bibi yako alinitania mbele ya ukoo mzima, akauliza kama nilikuja kwa konokono. Alfajiri tuliyoondoka, ukungu wa Ufipa ulikuwa mzito kama uji. Nikawasha hita. Kioo kikafunguka polepole kutoka chini kwenda juu, na barabara ikatokea. Tulipoingia mbugani mbung'o waligonga vioo kwa nje, tumefunga vyote, na shangazi akakulegezea shuka kwa sababu pua yako ilikuwa imetoka jasho.

Basi sikiliza, mwanangu. Sikukatazi kufungua boneti nyumbani. Fungua, chafuka, jifunze. Mikono isiyoguswa na grisi haijui hata kumuuliza fundi swali. Lakini kazi ambayo watu watakaa juu yake wakiwa wamelala, ukifika mahali hujui, simama hapo, mpelekee anayejua, halafu mpigie simu anayekusubiri umwambie. Ni aibu ya dakika moja. Na usizibe njia ya joto kwa kuwa wewe unatokwa jasho. Uliyempakia huenda anakwenda kwenye baridi.

Mungu akupe mikono ya kazi na moyo wa kungoja. Na kila utakakofika alfajiri ukitetemeka, umkute mtu aliyekwisha kuwasha moto kwa ajili yako.