Chumvi kwenye Sinia

Magari yaliyotumika Japani yalipoanza kufurika Dodoma, nilikuwa napika wali na maharage kwenye gereji moja ya Kizota. Nilikuwa nimeacha shule kidato cha pili, mama alipomfuata baba kaburini, na nyumbani Nzuguni nilikuwa na wadogo wawili wa kulisha. Siku moja fundi alikuta jarida chini ya kiti cha basi dogo, limejaa picha za wanaume wanene waliovaa mikanda tu. Akanipa nikawashie jiko.

Sikulichoma. Ndani yake mlikuwa na jedwali la maduara meupe na meusi, nami nilitaka kujua maana yake. Mjapani mmoja wa mradi wa visima, aliyeleta gari kutengenezwa, alipoliona aliacha kula. Akanieleza kwamba hayo ni mashindano ya mieleka ambayo kwao hayatasahaulika. Duara jeupe ni kushinda, jeusi ni kushindwa. Kabla ya kushikana hurusha chumvi kusafisha uwanja. Aliyeumia asifike, anahesabiwa ameshindwa.

Tukayarudia mashindano hayo nyumbani. Tulikata nyuso jaridani tukazibandika kwa uji kwenye vizibo vya soda. Uwanja ulikuwa kamba ya katani iliyozungushwa kwenye sinia. Kila mmoja anatupa dadu. Mwenye namba kubwa anamsukuma mwenzake hatua moja, hadi mmoja atoke nje ya kamba. Mdogo wangu wa kiume alimchagua tuliyempa jina la Gunia, ambaye jaridani aliumia katikati ya mashindano. Alitaka amalize.

Awali, baada ya arobaini ya mama, ukoo ulitaka kutugawana. Mimi nilikataa. Baba mkubwa wa Kibakwe akakubali tubaki, kwa sharti: siku atakayokuta tumeingia tabia mbaya, atawachukua wadogo zangu.

Alikuja Jumapili moja mchana, na kuku mkononi. Hatukusikia hodi, pambano lilikuwa limepamba moto. Alichokiona mlangoni ni duara la kamba, chumvi, dadu, na mtoto anayeinong'oneza sura ya mtu.

"Nani kawafundisha ramli?"

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Sikuja kuamkiwa. Mnamtafuta nani humo?"

"Bingwa," alisema mdogo wangu wa kike. Haikusaidia.

"Kusanyeni nguo zenu."

Nikamletea jarida. Nalo halikusaidia mara moja.

"Na hawa walio uchi?"

"Wamevaa mkanda, baba mkubwa. Ni wapiganaji mieleka."

Alifunua kurasa polepole. "Wanalishwa na nani?"

"Wanaishi nyumba moja. Wadogo wanampikia mkubwa."

Alinitazama mimi, kisha sufuria iliyokuwa jikoni. "Kwenu mmekosea, mkubwa ndiye mpishi."

Akavuta kigoda akaketi, kuku bado kwapani. Akasema alipokuwa akichunga ng'ombe hakuna aliyewahi kumwangusha. Akamchagua mnene kuliko wote, tuliyemwita Pipa. Akashinda. Akataka tena, akashinda. Mara ya tatu alirusha chumvi mwenyewe, kidogo, akisema si ya bure.

Halafu akamgeukia mdogo wangu. "Lete huyo Gunia wako. Nikishinda, kesho tunakwenda wote Kibakwe."

"Sawa," alisema mtoto. Tayari alikuwa ameshachota chumvi.

Niliziokota dadu siniani nikazifumbata.

"Zirudishe," alisema baba mkubwa.

"Hapana, baba mkubwa. Ulipoingia ulidhani tunafanya jambo baya. Hatukuwa tukilifanya. Hili sasa ndilo."

"Mimi ni baba yenu."

"Ndiyo. Na huyu hawekwi kwenye sinia."

Kuku alipiga kelele. Baba mkubwa aligundua kuwa amembana sana, akamlegeza.

"Na kama ningeshindwa?" aliuliza.

"Angebaki."

"Na sasa?"

"Anabaki."

Alimgeuza Pipa vidoleni. Mwishowe akamweka nje ya kamba, akaniambia nimchinje kuku, njaa inamuuma.

Asubuhi aliondoka peke yake. Nilipokuwa nafagia chumvi, mdogo wangu alikuwa akichora duara jeupe jaridani, kwenye mstari wa Gunia. Nikamwambia pambano lile halikupigwa.

"Asiyefika anahesabiwa ameshindwa," alisema. "Na baba mkubwa yuko njiani kwenda Kibakwe."