Anzeni Kwangu

Nilizaliwa Kilosa, karibu na stesheni, katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha kuchambua pamba. Mwenye kiwanda alipoondoka, mashine zilibaki zikila kutu, nasi tukabaki tukiishi. Mama alifia chumba cha mbele. Ukuta wa dirishani aliusiriba mwenyewe kwa udongo mwekundu, na alama za vidole vyake zilikuwa bado zinaonekana. Nilizigusa kila nilipofungua dirisha.

Baada ya Azimio, mkutano wa tawi la chama uliamua eneo lile la kiwanda lijengwe nyumba bora, kwa matofali ya majengo ya zamani, ili mashamba ya mahindi yasimegwe. Lilikuwa jambo la akili, na mpaka leo naona hivyo. Ila baba alikuwa balozi wa nyumba kumi, na balozi wa siku zile hakusubiri kuombwa. Kabla bwana ardhi hajakunjua ramani, baba alisimama.

"Ndugu zangu, anzeni kwangu."

Watu walipiga makofi. Ramani ilipofunuliwa, nyumba yetu haikuwamo katika zile za kubomolewa. Bwana ardhi, kijana mwenye adabu, akamfuata baba.

"Shikamoo mzee. Hii yako ni nzima, tutaikarabati tu."

"Marahaba, mwanangu. Nimeshasema mbele ya watu."

Nilimshika mkono nikamnong'oneza, "Baba, chumba cha mama." Hakunitazama. Mdomo huponza kichwa, wanasema. Kwetu uliponza kuta. Jumamosi walikuja na sururu, wakiimba, na baba ndiye aliyepiga pigo la kwanza. Siku ile nilimchukia, sioni sababu ya kuficha.

Matofali yetu yalitawanywa katika nyumba za wenzetu. Sisi tulipewa kiwanja upande wa juu, ambako maji ya masika hayafiki, tukajengewa nyumba mpya: bati, madirisha mapana, choo kizuri. Nilipopita kule chini nilitamani kupiga hodi kwa watu, niwaombe ruhusa ya kupapasa kuta zao. Sikuthubutu.

Baba aliishi kule juu hadi alipokufa. Alipanda mipapai, akapokea wageni, akausifu mradi katika kila mkutano. Lakini jioni, tukitoka shambani, nikimuuliza anaelekea wapi, alijibu, "Naenda kule kulala." Sikumsikia hata mara moja akisema anakwenda nyumbani.