Koki Inayofungwa Kushoto

Kwenye jengo la ofisi la ghorofa nne alikofanya kazi, walimwita Fundi Kwanza, kwa sababu ushauri wake wote ulianza na neno hilo. Bomba linavuja? Kwanza funga maji. Taa inacheza? Kwanza zima umeme, ndipo upande kiti. Mlango unakwaruza sakafu? Kwanza kaza bawaba ya juu, usikimbilie randa. Watu walimsimamisha kwenye ngazi, mhasibu kwa mfagiaji, naye hakumnyima mtu neno. Alikuwa mkarimu kweli, mradi usimuulize koki kuu ya maji ya jengo hilo iko wapi.

Hiyo aliijua peke yake. Kuhusu kazi alikuwa na ushauri mmoja tu, na aliutoa kwa sauti ya chini: ukiajiriwa popote, tafuta kitu kimoja ambacho hakuna mwingine anayekijua, kisha kikalie. Mameneja watatu walikuwa wamejaribu kumwondoa. Chini ya wa pili unga ulimwagika kweli, lakini kwa siku nne. Siku ya tano bomba la ghorofa ya tatu lilipasuka, mafundi wa kukodi wakachimba huku na kule mpaka wakachoka, na gari likatumwa kumfuata nyumbani. Alilipanda baada ya kumaliza chai yake.

Basi na nyumbani akafanya vilevile. Ule msemo wa mganga hajigangi haukumhusu hata kidogo, kwani kwake kila kitu kilitengenezwa, ila kilitengenezwa kwa namna yake. Mlango wa nyuma ulifunguka ukiuinua kidogo na kuusukuma kwa goti. Swichi ya sebuleni iliwasha taa ya jikoni. Na koki kuu, ambayo aliichomoa kwenye mashine kuukuu iliyotupwa kazini, aliifukia nyuma ya nyumba chini ya chungu cha maua, na ilifungwa kwa kuzungushwa kushoto, kinyume na koki zote za walimwengu. Mkewe, ambaye yeye aliendelea kumwita Mama Pacha ingawa pacha wenyewe walishaolewa wakaenda zao, aliwahi kuuliza iko wapi. Akaambiwa asihangaike, fundi yupo. Tuseme ukweli, Baba Pacha alipenda kuitwa, na kila alipoitwa alijiona mtu.

Mama Pacha alikuwa mshonaji. Miaka yote alitia viraka na kupunguza suruali za majirani, mpaka mwaka huo alipopata kazi kubwa ya kwanza maishani mwake: mapazia ya nyumba ya wageni nzima, vyumba kumi na viwili, meupe yenye bitana nyekundu. Alishona wiki sita, mgongo ukakaribia kumkatika. Yalikuwa yamekunjwa juu ya mkeka chumbani, yakisubiri kuchukuliwa kesho yake.

Saa nne asubuhi mpira wa maji chini ya sinki ulipasuka. Alimpigia mumewe. Simu ya mume ilikuwa kabatini kazini, maana Fundi Kwanza mwenyewe ndiye aliyehubiri kwamba mwenye spana mkononi hashiki simu. Akapiga mapokezi. Dada wa mapokezi alipanda ngazi mbio hadi juu ya paa, fundi alikokuwa akisafisha tangi, naye akatoa ushauri kwa utulivu ule ule.

"Kwanza atulie. Koki iko nyuma, chini ya chungu cha maua. Afunge tu."

Kushoto hakukutaja. Wala hakuwa anaficha, maskini. Mkono wake ulishazoea miaka kumi na tisa, na kwake kushoto ndiyo ilikuwa maana ya kufunga. Mama Pacha alisukuma chungu, akapiga magoti udongoni, akazungusha kulia kama binadamu yeyote. Koki ilikuwa wazi nusu. Yeye akaifungua yote. Aliikaza kwa mikono miwili mpaka ikagoma, akashukuru Mungu, akarudi ndani na kukuta maji yameshamtangulia chumbani.

Wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Wao waliyazoa, kwa ndoo na matambara, mpaka alasiri. Bitana ilikuwa imechuja rangi, na mapazia yote kumi na mawili yalianikwa uani yakiwa na mabaka ya waridi. Mwenye nyumba ya wageni alikuja, akayatazama, akasema pole, akaenda kutafuta mshonaji mwingine. Mama Pacha hakulia mbele yake. Jioni alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akamwambia mumewe kwamba Jumapili cherehani inahamia kwa dada yake, na kwamba yeye mwenyewe hawezi kukaa mbali na cherehani yake.

"Kwanza..." alianza fundi.

"Miaka kumi na tisa nalala humu," alisema Mama Pacha. "Kumbe na mimi ni mgeni wako."

Mabomba fundi alikuwa na dawa yake, na mameneja pia, lakini hili lilimshinda, akaogopa kama hajawahi kuogopa. Jumamosi alfajiri aling'oa koki ile, akafunga ya kawaida ya dukani, kando ya mlango wa jikoni usawa wa kiuno, akaipaka rangi nyekundu. Akashusha mlango wa nyuma na kuufunga upya. Akarudisha nyaya za swichi mahali pake. Mama Pacha alimtoa nje, akajaribu kila kitu peke yake, maji akayafunga na kuyafungua mara tatu. Jumapili mkokoteni wa kuhamisha cherehani ulipokuja, aliurudisha ulikotoka.

Wiki chache baadaye walikuwa mezani bomba la sinki lilipoanza kudondosha maji. Fundi aliweka kijiko chini, akaanza kunyanyuka. Mkewe akamwambia akae. Alimsikia akifunga maji, akichukua spana, akibadilisha kile kipira cha ndani. Matone yakakoma. Hakuitwa hata kushika tochi, na ilimuuma, ilimuuma sana, akabaki anautazama mchuzi unavyopoa.

Mama Pacha alirudi akijifuta mikono. Alimwangalia kidogo, akaelewa.

"We mzee," alisema, "ulidhani nimekaa na wewe kwa ajili ya koki?"

Akamwongezea mchuzi, wakala. Jumatatu, Fundi Kwanza alimwita dada wa mapokezi, akamshusha chini kabisa ya jengo, akainua kifuniko ambacho hakuna mwingine aliyewahi kukiinua, akamshikisha koki kwa mkono wake mwenyewe.