Maua ya Makaburi Mawili

Kwa miaka ishirini na sita Bibi Brashi, kama majirani walivyomwita, alisugua mawe ya makaburi ya zamani na kuyatia rangi majina yaliyofifia. Bintiye akapiga simu tena.

"Mama, chumba chako kiko tayari. Hao wafu wako hawatoroki."

"Mwakani, mwanangu," akajibu, kama mwaka jana.

Angeanzia wapi kumwambia? Mvua iliwahi kuangusha mawe mawili, akayasimamisha kwa kichwa chake kigumu bila kufungua daftari la makaburi, akaweka kila moja mahali pa lingine. Alipogundua, familia mbili zilishalia, kila moja kwenye kaburi la wenzao. Hakuwaambia.

Tangu hapo, kila wakishaondoka, yeye huinama akayavusha maua, haya kule, yale huku. Leo pia wamekuja.