Tangi Moja, Madume Mawili

Katika ofisi moja ya Kasulu nilikofuata muhuri, maofisa wawili wanakaa chumba kimoja na hawasemeshani. Kati ya meza zao pana tangi la kioo la ofisi, na ndani yake dume la samaki wa mapambo aitwaye beta, jekundu, mali ya ofisa mwenye miwani. Asubuhi hiyo mwenzake, mwenye tai, aliingia na dume lake la bluu kwenye mfuko wa nailoni. Hakuuliza mtu, akalimwaga humo humo.

Mbele yangu alikuwepo mama mmoja kutoka kijiji cha Makere na barua yake ya kuomba kiwanja. Mwenye miwani alishamwambia, "Anzia kwa mwenzangu." Mwenye tai naye, "Mama, anzia kule."

Samaki wakatazamana, wakatunisha mashavu, wakavaana. Vipande vya mapezi vikaelea.

"Toa wako!" mwenye miwani akafoka.

"Toa wewe! Tangi ni la serikali!"

Mwishowe wote wakakunja mikono ya shati, kila mmoja akaokoa wake kwa kikombe cha chai. Kisha, kwa upole nisioutarajia, wakakubaliana kuweka kioo cheusi katikati, samaki wasionane.

"Ego, ndiyo, wekeni, wanangu," mama akasema. "Ila mtuachie katundu, barua yangu ipite."

Juzi nimepita tena. Kioo kimewekwa, samaki wametulia. Nilipouliza habari za katundu, mwenye miwani alinionyesha kwa kidevu meza ya pili.

"Anzia kwa mwenzangu."