Mwenza wa Kuazima

Huku Uswisi simbilisi hafugwi peke yake. Ni sheria ya nchi, si huruma ya mtu: kanyama kale kanono kasiko na mkia kakibaki pweke hunyong'onyea, basi wakubwa wakaamua wafugwe wawili au wasifugwe kabisa. Trudi Zbinden, mjane wa muuza jibini katika mji mdogo wa bonde la Emmental, aliijua sheria hiyo kuliko alivyozijua sala zake. Ndiyo iliyomfunga, au hivyo ndivyo alivyokuwa akisema.

Marehemu mumewe, Ernst, alimwachia wawili. Mmoja akafa, Trudi akamtafutia mwenza yule aliyebaki. Aliyebaki naye akafa, mwenza akawa mkiwa, akatafutiwa mwingine. Ikawa haina mwisho. Na kule Locarno, kando ya ziwa, dada yake Hanni alikuwa amemwekea chumba chenye kuingiza jua, ila jengo lenyewe halitaki wanyama. Kila Hanni akipiga simu jibu lilikuwa lile lile.

"Sheria, dada. Siwezi kumwacha mmoja."

"Wewe Trudi, umeolewa na panya?"

"Si panya!"

Majira haya ya baridi akafa Flöckli. Mwenzake Muck akajikunyata pembeni mwa kizimba, karoti hagusi, nyasi hagusi. Trudi alimwachia maiti kwa muda ainuse, apate kuelewa, kisha akaivingirisha katika leso ya Ernst na kuiondoa. Akampakata Muck, akawa anamlisha unyasi mmoja mmoja huku akimsemesha. Hakujua aombe nini. Muck akipona, yeye habanduki hapa; akifa, yuko huru. Wazo hilo lilimtia aibu, akamwongezea jani la saladi.

Mwishowe akampigia Käthi Nydegger, mwanamke wa kijiji cha jirani anayewaazimisha wafiwa simbilisi. Wala hakuna anayemcheka. Kazi ni kazi. Käthi akaja na kikapu, ndani yake jike zee la rangi ya mdalasini. Hakulitia kizimbani, maana Muck angejiona mwenye nyumba na kuleta ugomvi. Alitandika taulo sakafuni, akamwaga nyasi katikati, akawaachia hapo wote wawili. Muck akanusa. Akanguruma, akazunguka akitikisa kiuno. Kisha, bila haya hata kidogo, akaanza kula.

"Haa, mzee kafufuka!" Käthi akacheka. "Huyu ni wa kuazima, Bi Trudi. Muck akienda zake, unanirudishia. Hutatafuta mwingine tena."

"Na akiishi sana?"

"Basi nipe wote leo. Kwangu lipo kundi zima, hata hatajua kama kahama. Sheria imetimia, na wewe unapanda treni kwa dada yako."

Trudi akatazama kofia ya Ernst iliyokuwa bado msumarini. Miaka yote alilia kwamba mlango umefungwa, na sasa mtu kaufungua, miguu imekataa. Alikuwa anaogopa, basi. Kule Locarno hakuna aliyemjua Ernst hata kwa sura, zaidi ya Hanni, na Hanni hakuwahi kumpenda.

"Hapana," akasema. "Ndiyo kwanza kaanza kula. Tusimsumbue."

Käthi akamaliza kahawa yake, akaondoka na kikapu kitupu.

Jioni simu ikalia.

"Niambie leo, mdogo wangu," Hanni akasema. "Kuna mama hapa chini anakitaka chumba. Amebaki huyo mmoja tu?"

Trudi akatazama sakafuni. Walikuwa ubavu kwa ubavu, wanatafuna.

"Wako wawili."

"Si ulisema Flöckli amekufa?"

"Nimeletewa mwingine. Ndiyo sheria, Hanni."

"Haya. Basi nitampa yule mama."

Trudi akaweka simu chini. Akapiga magoti, akawarudisha wawili wale kizimbani na kufunga komeo. Kisha akaketi kwenye kiti cha Ernst akalia, na wao hawakuacha kutafuna.